Mwalimu Mgeni Afikapo Katika Nchi ya Chai

Mwezi wa Januari una shughuli nyingi katika kaunti zetu za Kericho na Bomet. Chai haina likizo. Majani yakiwa tayari hapana budi yachumwe, la sivyo yatakomaa na kiwanda kitayakataa. Na katika majuma hayo hayo shule hufunguliwa, na barabara zote tangu Londiani hata Sotik hujaa watoto wenye sare mpya na masanduku ya bati. Wengi wetu huwatazama watoto hao, na kuwaza juu ya karo. Lakini leo nataka tumtazame mtu mwingine ashukaye katika gari siku zile zile, akiwa na sanduku lake, asiyejulikana na mtu hata mmoja stendi: mwalimu aliyetoka nchi nyingine kuja kuwafundisha watoto wetu.

Kazi yangu ni ukarani wa serikali, na kwa miaka kadhaa meza yangu imekuwa karibu na mlango ambao walimu wa namna hiyo huuingia wakiwa na karatasi zao: kibali cha kazi, cheti cha kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, na barua ya shule iliyowaita. Kwa hiyo nimewaona wakija, nami nimewaona wakiondoka. Wengine hukaa muda wao wote walioahidi, na wakati wa kwenda zao wazazi huwachinjia mbuzi. Wengine, ambao elimu yao si haba hata kidogo, huwa wamekwisha kuchoka kabla ya Pasaka, na darasa hubaki bila mwalimu wa hesabu au wa sayansi mpaka mwingine apatikane. Nimejaribu kuitafuta sababu ya tofauti hiyo, nami naona ya kuwa haimo katika vyeti. Imo katika majuma matatu ya kwanza ya mwaka wa shule, na sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi wenyeji, kama nitakavyoeleza.

Walimu wa kutoka ng'ambo si kitu kipya kwetu. Wamisheni wa Kimarekani walikuwako Tenwek, karibu na mji wa Bomet, katika miaka ya 1930. Africa Inland Mission walikuwako Litein. Wakatoliki walikuwako Kaplong. Na serikali nayo ilikuwa na shule yake Kabianga. Lakini hao wamisheni walikuja kukaa maisha yao, na wengi walijifunza lugha ya Kipsigis hata wakaisema vizuri. Mwalimu wa mkataba, yule ajaye kwa miaka 2 kisha arudi kwao, tulimjua hasa wakati uhuru ulipokaribia.

Wakati huo shule za sekondari zilikuwa chache, na walimu wenye digrii walikuwa wachache zaidi. Vijana wetu wenyewe walikuwa wakienda ng'ambo kusoma. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ule wa Tom Mboya na wenzake iliwachukua wanafunzi 81 kuwapeleka Marekani. Basi katika miaka hiyo hiyo wengine wakaletwa upande wa huku. Mwezi wa Desemba 1960 wakuu wa elimu wa Marekani, Uingereza na Afrika ya Mashariki walikutana Princeton, Marekani, wakashauriana jinsi ya kupata walimu, na mwaka wa 1961 ukaanza mpango ulioitwa Walimu kwa Afrika ya Mashariki. Chuo cha Walimu cha Columbia, mjini New York, kilisimamia upande wa Marekani, na wengi wa walimu hao walipitia kwanza Makerere, Kampala, kabla ya kugawanywa katika shule za Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, tangu katikati ya miaka ya 1960, wakaja vijana wa Peace Corps, na wengi wao walitumwa katika shule za Harambee zilizojengwa na wananchi kwa mikono na fedha zao. Hao waliendelea kuja Kenya hata mwaka wa 2014, ndipo kazi yao ikasimamishwa kwa ajili ya mambo ya usalama.

Wazee waliosoma katika miaka hiyo bado wako, na ukiketi nao hawachoki kuwasimulia walimu wao. Jambo la ajabu ni hili: hawasimulii mafunzo. Husimulia jinsi Mwamerika fulani alivyokunywa mursik mara ya kwanza na uso wake ulivyokuwa, au jinsi Mwingereza fulani alivyokwenda kwa miguu mpaka nyumba ya mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa. Mtihani wa Cambridge waliufanya wote, lakini kinachokumbukwa ni yale ya nje ya darasa.

Sasa tumfuate mwalimu wa siku hizi tangu siku anayofika. Kwao, kama ni Marekani au Ulaya, mwaka wa shule huanza Agosti au Septemba, baada ya likizo ndefu ya wakati wa joto, na Januari ni katikati ya mwaka, tena katikati ya baridi. Kwetu mwaka wa shule huzaliwa pamoja na mwaka wenyewe, na kugawanyika katika mihula 3. Kwa hiyo mara nyingi mtu huyu hutoka katika theluji, naye bado moyoni mwake hajahisi kwamba kuna kitu kinachoanza. (Utaratibu wenyewe nao ulivurugika kwa muda. Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na mengine Januari 2021. Kisha mwaka wa masomo ukaanza Julai 2021, na uliofuata ukaanza Aprili 2022, hata Januari 2023 mambo yakarudi mahali pake. Mgeni aliyefika katika miaka hiyo hakuwa nyuma ya wenyeji hata kidogo, maana sote tulikuwa wageni wa kalenda.)

Jambo la kwanza limkutalo ni saa. Amejifunza Kiswahili katika kitabu, naye mwalimu mkuu humwambia kwa upole, "Tafadhali uwe shuleni saa moja na nusu." Ikiwa hana habari ya kuwa sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, hudhani ameitwa baada ya chakula cha mchana. Kosa hilo ni dogo, watu hucheka, likaisha. Lakini liangalie vizuri, maana ndilo mfano wa makosa mengine yote: neno ni lile lile, mgeni amelisikia sawasawa, na hata hivyo amekosea, kwa kuwa hapana aliyefikiri kumwambia kinachojulikana na kila mtu.

Jambo la pili ni majina. Mwalimu hufungua rejista ya darasa akakuta Kiprono watatu, Cherono wawili, Kibet wanne, na Chepkoech, na Kiplangat, na Chelangat, hata akadhani shule nzima ni ya ukoo mmoja. Kumbe rejista ile ni saa nyingine tena. Kwa desturi ya Wakipsigis mtoto hupewa jina la wakati au hali aliyozaliwa. Kipkoech na Chepkoech walizaliwa alfajiri. Kipngetich alizaliwa ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Kibet na Chebet walizaliwa mchana. Kiprono na Cherono walizaliwa jioni mbuzi wakirudi nyumbani. Kiplangat na Chelangat jua likitua. Kipkemoi na Chepkemoi usiku. Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Kipruto alizaliwa mama yake akiwa safarini. Na Kiptoo na Cheptoo ni watoto waliozaliwa wageni wakiwapo nyumbani, jambo ambalo lafaa kumfurahisha mwalimu wetu, kwa kuwa laonyesha ya kuwa mgeni kwetu ni tukio la kukumbukwa. Siku hizi mbele ya jina hilo huja jina la ubatizo, na nyuma yake jina la baba, lakini jina la kuzaliwa ndilo ambalo mama huliita kutoka mlangoni. Mwalimu ambaye katika juma la kwanza huwauliza watoto maana ya majina yao hupata mambo mawili kwa bei ya moja: hupata kuwatofautisha, na wao hupata kumfundisha kitu, wakafurahi.

Jambo la tatu ni zito zaidi, na hapa nawaomba wasomaji wanivumilie nikilieleza kwa urefu.

Katika likizo ya Novemba na Desemba wavulana wengi wa kwetu huingia jandoni. Zamani walikaa huko muda mrefu sana. Siku hizi, kwa sababu ya shule, mambo yote hayana budi kumalizika kabla ya Januari. Basi yule aliyeondoka darasani akiwa mtoto, baada ya majuma machache hurudi akiwa kijana mbele ya jamaa zake. Kwa desturi huacha jina la utoto, akaitwa kwa jina la baba yake: mwana wa Kipkoech ni arap Koech, mwana wa Kiprotich ni arap Rotich. Lakini rejista haiendi jandoni. Karatasi za serikali, na hati za mtihani, zina jina lile lile alilozaliwa nalo.

Mwaka mmoja nilitumwa na ofisi kupeleka barua katika shule moja ya sekondari iliyo kati ya mashamba ya chai, juma la kwanza la muhula. Palikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetoka Uganda, mwanamke kijana, hodari sana wa kazi yake. Asubuhi ile alikuwa ameita majina, na kufika jina moja hakupata jibu. Akaita mara ya pili, na ya tatu. Mvulana mwenyewe alikuwako, amekaa nyuma, ametazama meza, na darasa zima limetazama meza pamoja naye. Akamwandika kuwa hayupo. Kisha alipojua kwamba yupo, akaona ni jeuri, akampeleka kwa mwalimu mkuu. Mimi nilimkuta katika chumba cha walimu, machozi yakimlengalenga kwa hasira, na mwalimu mmoja mzee wa Kipsigis akimmiminia chai.

"Binti yangu," yule mzee akamwambia, "kijana yule hakukudharau. Umemwita kwa jina alilolizika mwezi wa Desemba, tena mbele ya wasichana."

"Lakini Mzee, ndilo jina lililoandikwa. Mbona hapana aliyeniambia?"

Mzee akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, tuliona haya. Mgeni hasahihishwi siku ya kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mengi niliyoyaona mezani pangu. Sisi watu wa huku tunayo adabu kubwa kwa mgeni. Tutampa kiti kizuri, tutampa maziwa, tutamsindikiza mpaka njia kuu. Lakini akikosea tutanyamaza, tukiamini ya kuwa kunyamaza ni heshima. Mgeni wa siku moja, kweli, ukimnyamazia umemheshimu. Ataondoka jioni akiwa na furaha. Lakini mgeni wa miaka 2 ukimnyamazia umemwacha peke yake. Atakosea leo, na kesho, na watoto watamcheka pembeni, naye hatajua sababu. Na asiyejua sababu huanza kudhani kwamba watu hawampendi.

Sisemi kwamba kijana aliyetoka jandoni apewe kila atakalo. Wapo wavulana ambao wakirudi hukataa kuagizwa na mwalimu mwanamke, na hilo ni kosa. Lakini ni kosa la kukomeshwa na wazee wenyewe, waliowafunza huko, wala si mzigo wa kumtwika mgeni juma lake la kwanza. Naye asitegemee fimbo, maana viboko shuleni vilikatazwa Kenya tangu mwaka wa 2001, ingawa wapo wazazi ambao bado watamwambia, "Mpige tu, Mwalimu, ni wako." Mwalimu yule wa Uganda alifanya jambo jepesi. Tangu siku iliyofuata aliwaita wote, wavulana kwa wasichana, kwa jina la baba, Koech na Rotich na Langat, na rejista akaiacha na mambo yake. Alikaa mpaka mwisho wa mkataba.

Tusisahau pia upande wa wasichana. Ikiwa msichana aliyekuwako Oktoba haonekani Januari, mwalimu mgeni aweza kudhani amehamia shule nyingine, na kumbe pengine anaandaliwa kuolewa. Tohara ya wasichana ni marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2011, na ndoa ya mtoto ni marufuku kadhalika. Mwalimu asione haya kuuliza, na chifu asione haya kujibu.

Kisha kuna habari ya mvua. Kericho ni nchi ya juu, zaidi ya futi 6,000, na mawingu hutoka upande wa Ziwa Victoria yakakutana na milima; ndiyo sababu chai yastawi. Januari na Februari mvua hupungua, na mgeni hudhani amefika mahali pa jua. Asubuhi ni baridi, adhuhuri ni joto, naye huandika kwao kwamba amepata bahati. Ikifika Machi au Aprili mambo hugeuka. Karibu kila siku baada ya saa nane mchana mawingu hujikusanya, na mara nyingi huja mvua ya mawe, ambayo kwa wingi wake nchi yetu inasifika ulimwenguni. Mkulima huyalilia majani yake yaliyochanika. Mwalimu chini ya mabati hufungua kinywa na hapana sauti inayosikika. Hata akiandika ubaoni giza limeingia, na watoto wanatazama nje kuona kama ng'ombe wamefungwa. Walimu wa zamani hulijua jambo hili, na katika ratiba zao masomo magumu huyaweka asubuhi. Saa za alasiri huwa za kusoma kimya, au kuchora, au kunakili. Mgeni akipanga ratiba yake Januari, jua likiwaka, ataweka hesabu saa tisa. Ni nani atakayemwambia?

Jambo jingine ambalo laonekana mapema ni watoto kukosekana. Siku ya kufungua, kati ya 50 huja 30. Mgeni huona ni uvivu, au ni wazazi wasiojali elimu. Yafaa aelezwe jinsi fedha zinavyotembea katika nchi hii. Mkulima mdogo hupeleka majani yake kituoni, nayo huenda katika viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros au Tirgaga, vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka wa 1964 likiwa la serikali, na tangu 2000 ni la wakulima wenyewe. Kila mwezi hupata malipo kidogo kwa kila kilo, na fungu kubwa, ile bonasi, kwa miaka mingi limekuwa likilipwa Oktoba. Lakini kati ya Oktoba na Januari pana jando, pana Krismasi, pana madeni ya duka, na pana mbolea. Masomo ya msingi ni bure tangu Januari 2003, na tangu 2008 serikali hulipia mafunzo ya sekondari ya kutwa. Hata hivyo sare na karo ya bweni bado ni juu ya mzazi. Basi baba hungoja malipo ya mwezi, na mtoto hungoja pamoja naye. Juma la tatu darasa hujaa. Mwalimu aliyemaliza sura mbili za kitabu katika majuma hayo mawili atalazimika kuzirudia, nami namshauri atumie siku hizo kwa kuwapima waliokuja na kuwajua.

Katika mashamba makubwa ya kampuni mambo ni tofauti kidogo. Huko watoto ni wa makabila mengi, Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya, kwa kuwa tangu miaka ya 1920, kampuni zilipoanza kupanda chai Kericho, wachumaji walitoka kila upande. Na lugha ya uwanjani ni Kiswahili. Mwalimu mwenye Kiswahili kizuri hana shida huko. Ila watoto hao huishi katika nyumba za kampuni, na kazi ya baba au mama ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Tangu kampuni zianze kutumia mashine za kuchuma, kazi za mkono zimepungua, na uchungu wake tuliuona Mei 2023, watu walipozichoma mashine kadhaa moto Kericho. Hivyo jina linaloitwa Januari bila jibu huenda si la mtoro. Huenda jamaa yake wamekwisha kurudi Nyamira au Siaya.

Wala si haki kulificha jambo moja. Januari ya mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa nchini kote, na huku kwetu watu waliotoka sehemu nyingine walikimbia, wachumaji chai na walimu pia. Wengi wa walimu hao walikuwa Wakenya kama sisi, lakini kwa siku zile walihesabiwa wageni. Mapatano ya Nairobi ya tarehe 28 Februari yalileta utulivu, ila viti vingi vya walimu vilikaa vitupu muda mrefu, na waliolipa ni watoto wetu, ambao mtihani haukuwangoja. Mwaka wa 2018, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipowahamisha walimu wakuu wengi kwenda kaunti zisizo zao, palitokea manung'uniko mengi, na baadaye wengi wakarudishwa karibu na kwao. Katika mabishano hayo wazee wengine walisema waziwazi kwamba mwalimu wa mbali hawezi kuijua shule. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu wa mbali aweza kuijua shule akiambiwa.

Tena sasa sisi wenyewe tunakwenda kwa watu. Walimu wa Kenya wamekwenda Rwanda, hasa tangu mwaka wa 2008 nchi hiyo ilipoamua kufundisha kwa Kiingereza. Wamekwenda Sudan Kusini. Na wengine, kwa mpango wa Fulbright, huenda kufundisha Kiswahili mwaka mmoja katika vyuo vya Marekani. Jamaa yangu mmoja kutoka upande wa Bomet alikwenda kwa njia hiyo. Alifika mwezi wa Agosti, katika joto, akiwa amebeba makoti mawili mazito kwa kuwa aliambiwa Marekani ni baridi. Katika barua yake aliniandikia kuwa siku ya pili mama mmoja wa ofisini alimketisha akampa karatasi, na kumsomea yote yaliyomo: namna ya kufungua mlango wa jengo, kengele ya moto ikilia atoke kwa mlango upi, mwanafunzi akikosa vipindi vitatu amwandikie nani, hata siku gani takataka huchukuliwa. "Mwanzoni nilidhani ananiona mjinga," akaandika. "Baada ya juma moja nikamshukuru. Kila jambo lililotokea lilikuwa katika karatasi ile."

Kengele ya moto hatuna, na takataka zetu twazifukia wenyewe, lakini karatasi twaweza kuiandika. Mwalimu mkuu aiandike Novemba, kabla ya likizo, akisaidiwa na walimu wawili na mzazi mmoja. Iseme ya kuwa saa moja yetu ni saa moja baada ya jua. Iseme ya kuwa mtu akikuambia "Chamgei", nawe humwitikia "Chamgei mising", tena humwitikia kila mtu, hata mtoto, hata mchumaji chai aliye na kikapu mgongoni. Iwataje, kwa siri ya mwalimu, wavulana waliotoka jandoni na majina wanayopenda kuitwa. Iseme hesabu zifundishwe kabla ya saa sita. Iseme watoto watatimia juma la tatu, na kwamba msichana asiyeonekana aulizwe kwa chifu. Imwambie anunue blanketi mbili na koti la mvua Kericho mjini kabla ya kupanda gari la shuleni. Na chini kabisa iwe na jina la jirani mmoja, na nyumba yake ni ipi, ambako mwalimu aweza kwenda jioni bila kuitwa, akanunua maziwa na kuuliza lolote.

Wazee wa shule wanaotaka mfano wa karatasi ya namna hiyo wanaweza kumwomba mwalimu yeyote aliyefika kwao kutoka mbali. Wamuulize tu ni mambo gani aliyotamani kuambiwa siku ya kwanza; ataandika ukurasa mzima bila kuinua kalamu.